Wataalamu huandika kwa "-ki-", serikali husoma kwa "-ta-"

Jumamosi iliyopita fundi wa kuchomelea vyuma mtaani kwetu alinipa simu yake nimsomee ujumbe. Alikuwa amenunua tokeni za shilingi 1,000. Namba ya mita, tarakimu 20 za kubonyeza, yuniti, kisha pesa zimegawanywa mafungu mawili: za umeme wenyewe na za "gharama nyingine". "Kaka, hizi nyingine ni za nini?" Nikamhesabia kwa vidole: mafuta ya mitambo, mabadiliko ya thamani ya shilingi, mfumuko wa bei, VAT, tozo ya umeme vijijini, tozo ya mdhibiti, tozo ya maji. "Hata maji?" Hata maji, kwa sababu sehemu ya umeme wetu hutoka mabwawani. Akarudi kwenye geti alilokuwa akiliunga, anatikisa kichwa.

Ipo gharama moja ambayo sikumtajia, kwa kuwa haina mstari wake popote kwenye ujumbe ule. Imo ndani ya bei ya msingi ya kila yuniti. Ni pesa ambazo msambazaji wa umeme huwalipa wenye mitambo kwa sababu tu mitambo iko tayari, iwe imewashwa au imezimwa. Katika biashara hiyo huitwa malipo ya uwezo. Mtambo ukihitajika, malipo hayo ni halali kabisa: hakuna atakayekopa mamilioni ya dola kujenga kituo bila uhakika wa kurudishiwa. Usipohitajika, fundi wetu analipia mtambo uliolala. Na mara nyingi mtambo hulala kwa sababu miaka kumi au kumi na mitano nyuma, mtu aliketi mbele ya kompyuta akakadiria kwamba leo tungekuwa tunauhitaji.

Tumtendee haki mtu huyo kwanza. Umeme hauendeshwi bila makadirio. Bwawa, kisima cha mvuke au njia ya kusafirisha umeme huchukua miaka mingi kutoka karatasi ya kwanza hadi taa ya kwanza, na anayengoja giza liingie ndipo aanze kuchimba msingi atalala gizani muda mrefu. Isitoshe, mtaalamu mwaminifu hajidai kupiga ramli. Fungua waraka wowote wa makadirio ya nishati utaona umejaa masharti: uchumi ukikua kwa kiasi hiki, watu wakiongezeka vile, bei ya mafuta ikibaki pale, basi mahitaji yatafika hapa. Hiyo ni lugha ya "-ki-". Waraka ukifika kwenye hotuba ya waziri, masharti yamedondoka njiani na imebaki "-ta-": nchi itahitaji megawati elfu kadhaa. Ukifika kwenye mkataba, hata hiyo "-ta-" haipo tena. Kuna tarehe, dola na sahihi.

Chukua Kenya. Mpango wa umeme wa mwaka 2011, uliotazama miaka 20 mbele, ulikadiria kwamba mahitaji ya juu kabisa, yaani ile saa ya mwaka ambapo nchi imewasha kila kitu kwa pamoja, yangefika takriban megawati 15,000 kuelekea 2030. Wakati huo yalikuwa kama 1,200. Piga hesabu: ni ongezeko la karibu asilimia 13 kila mwaka, miaka 20 mfululizo, bila mwaka mmoja wa ukame, wa uchaguzi wenye vurugu wala wa ugonjwa. Februari 2025 rekodi mpya ilipowekwa, ilikuwa megawati 2,316.

Namba ile haikutoka hewani. Dira ya 2030, mpango mkuu wa maendeleo wa nchi, ilikuwa imetangaza kwamba uchumi utakua kwa asilimia 10 kwa mwaka, na hesabu ya umeme ikalichukua tangazo hilo kama mbegu yake. Juu yake ikaongezwa miradi mikubwa ya taifa, kila mmoja na megawati zake kwenye jedwali: bandari ya Lamu, mji wa Konza, viwanda vya kuyeyusha chuma, reli ya kisasa ya umeme. Uchumi ukakua kwa takriban nusu ya kasi ile. Konza unajengwa polepole. Reli kweli ilikuja, lakini treni yake inakunywa dizeli.

Hapa ndipo ninapoona kosa lenyewe, na si la hisabati. Serikali iliingiza ndoto yake kwenye kompyuta, kompyuta ikairudisha ikiwa imevaa suti. Tangu hapo kila aliyeuliza "kwa nini tununue umeme mwingi hivi?" alijibiwa kwa kuonyeshwa makadirio, na aliyeuliza makadirio yametoka wapi alionyeshwa Dira. Mduara umefungika, na ndani yake hakuna mtu aliyekwenda Kariobangi au Changamwe kumuuliza mwenye karakana atanunua mashine ngapi mwakani.

Septemba 2013 ndoto ikapewa muda: megawati 5,000 zaidi ndani ya miezi 40. Mtoto mashuhuri wa mpango huo ni kituo cha makaa ya mawe kilichotakiwa kujengwa Kwasasi, Lamu, cha megawati 981. Pima ukubwa wake: hata mwaka 2019 kingekuwa zaidi ya nusu ya mahitaji ya juu kabisa ya nchi nzima, kimesimama kando ya mji wa kale ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kikichoma makaa ambayo mwanzoni yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Wachambuzi waliopitia mkataba wake walikadiria malipo ya uwezo ya dola zisizopungua milioni 360 kwa mwaka, hata kama kisingezalisha yuniti moja. Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mashauri ya Mazingira (NET) likafuta leseni yake, hasa kwa sababu wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi na wazee wa Lamu hawakwenda kortini kubishana juu ya ukuaji wa uchumi. Walikwenda kwa ajili ya samaki, mikoko na hewa yao. Lakini ndio waliotuokoa na deni la makadirio mabovu, na sidhani kama kuna aliyewahi kuwashukuru kwa hilo.

Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, mambo yalikwenda kwa namna nyingine kabisa. Upepo wa Ziwa Turkana ulikuwa umepimwa kwa miaka, na waliosema utavuma hawakukosea. Mashine 365 zenye jumla ya megawati 310 zilikuwa zimesimama tayari mwanzoni mwa 2017. Kilichokosekana ni njia ya zaidi ya kilomita 400 ya kuuleta umeme Suswa, kwenye gridi ya taifa. Mkandarasi wake, kampuni ya Kihispania, alifilisika, na njia ikaja kukamilika Septemba 2018. Muda wote huo pangaboi zilisimama jangwani na fidia ya mabilioni ya shilingi ikawa inahesabika, hadi ikaishia kwa mlipaji yuleyule wa tokeni. Makadirio yalikuwa sahihi kuhusu upepo. Kuhusu mkandarasi hakuna aliyekadiria.

Asidhani mtu kwamba haya ni maradhi ya Afrika. Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilizoea mahitaji ya umeme kukua kwa asilimia 7 kwa mwaka, yaani kujirudufu kila miaka kumi, na wahandisi wakaifanya mazoea hayo kuwa kanuni. Mamlaka moja ya umma ya jimbo la Washington ikaanza kujenga vinu vitano vya nyuklia kwa mkupuo. Kisha bei ya mafuta ikapanda mwaka 1973, watu wakabana matumizi, mstari ukalala. Kimekamilika kinu kimoja tu kati ya vitano, na mwaka 1983 mamlaka hiyo ikashindwa kulipa hati fungani za dola bilioni 2.25. Herufi za jina lake, WPPSS, watu wa huko walizitamka "whoops", kama mtu anayeteleza kwenye ngazi.

Pakistan imepitia jambo karibu na letu. Iliingia mikataba ya vituo vikubwa, vingi vya makaa ya mawe kwa mikopo ya China, ikitarajia mahitaji yapae. Malipo ya uwezo yakapandisha bei ya yuniti. Bei ilipopanda, watu wakapanda mapaa. Mwaka 2024 peke yake nchi hiyo iliagiza paneli za sola za takriban gigawati 17 kwa hesabu ya taasisi ya Ember. Kila anayehama gridi anawaachia waliobaki mzigo uleule wa malipo, nao wakizidiwa wanatafuta ngazi ya kupandia paa. Hapo makadirio yaliyokosea yanazaa sababu ya kuzidi kukosea.

Wenzetu wa Tanzania wana neno la kiofisi kwa jambo hili: maoteo. Kila nikilisikia nasikia ndani yake kitenzi kuota, cha mmea na cha usingizini. Bomba la gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, lilikamilika 2015 kwa mkopo wa China wa zaidi ya dola bilioni 1.2. Miaka miwili baadaye ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ilionyesha linatumika kwa takriban asilimia 6 tu ya uwezo wake, kwa kuwa mitambo ya umeme iliyotarajiwa kunywa gesi hiyo ilikuwa haijajengwa. Deni lenyewe halikungoja mitambo.

Halafu Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, mashine tisa za 235 kila moja. Machi 2024, uzalishaji ukiwa umeanza na mvua imekuja kwa fujo, nchi iliyozoea mgao ilizima vituo vyake vingine kadhaa vya maji kwa sababu umeme ulizidi. Mwaka mmoja baadaye Rais Samia Suluhu Hassan akaeleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia, upitie Kenya, kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Mitandaoni ilikuwa vurugu: tuna umeme wa ziada halafu tunanunua? Ila ukitazama ramani, hoja haina ajabu. Rufiji, lilipo bwawa hilo, ni mbali na Arusha, na umeme unaosafirishwa mbali kwenye njia dhaifu hupotea mwingine njiani. Namba moja ya taifa inasema umetosha, lakini haisemi umetosha wapi.

Wala haisemi saa ngapi. Kule Olkaria, kwenye visima vya umeme wa mvuke vya Kenya, saa nane usiku nchi ikiwa imelala, mvuke huachiwa hewani kwa kukosa wa kuutumia. Saa moja na nusu usiku, chai ikiwa jikoni, televisheni imewashwa na pasi inapiga sare za shule, hautoshi. Mwaka 2025 Rais William Ruto alikiri hadharani kwamba baadhi ya maeneo hukatiwa umeme kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku.

Hilo la Ruto lina mzizi wake, na ni kosa la upande wa pili. Baada ya kushtukia mzigo wa malipo ya uwezo, Kenya ilisimamisha mikataba mipya ya kununua umeme. Mwaka 2021 jopo lililoongozwa na John Ngumi likapitia ile ya zamani. Kusimamisha kulikuwa na maana yake, kwa muda. Lakini zuio liliendelea miaka, mahitaji yakiendelea kupanda polepole kama kawaida yao, na Bunge likaja kuliondoa Novemba 2025. Tulikadiria juu mno, tukaumia, tukaacha kukadiria kabisa, tukaumia tena. Ukinilazimisha nichague, nitachagua ziada ya Tanzania kuliko giza la saa moja na nusu. Mtambo wa ziada unauma mfukoni. Giza linafunga karakana.

Walio Paris nao wana la kujibu. Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, liliundwa Novemba 1974 baada ya Waarabu kufunga mabomba ya mafuta, likiwa chombo cha nchi tajiri wanunuzi. Ripoti yake ya kila mwaka husomwa na mabenki, mawaziri na wakopeshaji wa maendeleo kama kalenda ya mwezi mwandamo. Kwa upande wa sola, kalenda hiyo ilichelewa vibaya. Kila mwaka ilichora mstari unaolala, na kila mwaka dunia iliupita ikienda juu. Kiasi cha paneli ambacho makadirio ya 2009 yalikitarajia mwaka 2030 kilikuwa kimeshapitwa kufikia 2016. Sababu inajulikana: mstari wao mkuu ulihesabu sera zilizokuwa zimeshapitishwa au kutangazwa tu, na bei waliishusha taratibu, wakati kila mara paneli zilizofungwa duniani zikijirudufu bei ilikuwa ikianguka kwa karibu moja ya tano. Ujerumani ilifungua soko, China ikafungua viwanda, na hesabu ya Paris ikabaki nyuma. Sasa fikiria afisa wa wizara huku kwetu mwaka 2012, amepewa mezani kitabu kinachosema sola itabaki ghali na ndogo. Angechagua nini? Mimi simlaumu sana.

Mwaka 2020 IEA hiyohiyo iliandika kwamba miradi bora ya sola ndiyo umeme wa bei nafuu kuliko wowote kuwahi kupatikana. Mei 2021 ikatoa njia ya kufikisha hewa ukaa sifuri ifikapo 2050, ambamo mafuta yanashuka hadi mapipa milioni 24 kwa siku na hakuna haja ya visima vipya zaidi ya vile vilivyokwisha kuidhinishwa. Hiyo nayo ilikuwa "-ki-" ndefu: dunia ikitaka kufika pale, basi hivi. Wapinzani wa bomba la mafuta ghafi la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani pale Tanga, waliibeba kama hukumu, na mabenki kadhaa makubwa ya Ulaya yalikaa mbali na mradi. Kampala na Dodoma zikasoma kitabu kingine. OPEC, ambayo wanachama wake wanaishi kwa kuuza mafuta, inatarajia mahitaji yapite mapipa milioni 120 ifikapo 2050. Kati ya 24 na 120 unaweza kupitisha sera yoyote uitakayo na bado ukanukuu mtaalamu.

Siasa imeliona hilo. Mwaka 2025 waziri wa nishati wa Marekani, Chris Wright, alitishia nchi yake kujitoa IEA kama shirika halitabadili namna linavyokadiria. Novemba mwaka huo ripoti ilipotoka, ule mstari wa zamani unaodhani sera zitabaki kama zilivyo ulikuwa umerudishwa, na ndani yake mafuta yanafika mapipa milioni 113 mwaka 2050. Fatih Birol, mkuu wa shirika, mwaka 2023 alikuwa ameandika kwamba makaa, mafuta na gesi vitafika kileleni kabla ya 2030. Wanaomtetea wanasema mistari hiyo yote si utabiri, ni simulizi za "kama". Ni kweli. Lakini nani alitishia kujitoa kwa sababu ya simulizi? Wright anajua, kama anavyojua mzee wa Lamu, kwamba namba hizi huzaa mikopo.

Ndiyo maana sioni faida ya kuwataka wataalamu wakadirie "vizuri zaidi". Wataendelea kukosea, mimi na wewe tungekosea zaidi. Ninalotaka ni dogo na linawezekana kesho. Kila mpango mpya wa umeme uanze na jedwali la safu mbili: tulichokadiria katika mpango uliopita, na kilichotokea. Mipango ya kwetu hurasimishwa upya kila baada ya miaka michache, na ni rahisi mno kuuzika wa zamani kimyakimya. Pili, tununue vipande vidogo. Kisima kimoja cha mvuke kikizidi, unangoja mwaka mmoja mahitaji yakifikie. Kituo cha megawati 981 kikizidi, unangoja ujana wa mtoto. Na mwenye kuleta makadirio ya mahitaji yake mwenyewe aweke dhamana.

Hili la mwisho linakuja mlangoni. Mei 2024 Microsoft na G42 ya Falme za Kiarabu walitangaza kituo cha data cha Olkaria, uwekezaji wa dola bilioni moja, kianze na megawati 100 na kwa matarajio kifike hata 1,000, ambazo ni zaidi ya theluthi ya kilele chetu cha sasa. IEA inakadiria umeme wa vituo vya data duniani utaruka kutoka saa-terawati 415 mwaka 2024 hadi karibu 945 mwaka 2030. Huenda ikawa hivyo. Lakini mwaka 1999, katika jarida la Forbes, Peter Huber na Mark Mills waliandika kwamba ndani ya miaka kumi nusu ya umeme wa Marekani ungeendesha kompyuta na intaneti. Intaneti ilikuja kuliko walivyoota. Matumizi ya umeme ya nchi hiyo, kuanzia mwaka 2007 hivi, yalikaa palepale zaidi ya muongo mzima. Tukichimba visima kwa ajili ya kituo kisichokuja, au kinachokuja nusu, nani atalipa mvuke ule? Hilo liandikwe kwenye mkataba kabla ya jiwe la msingi.

Jumatatu nilimkuta fundi juu ya mabati ya karakana yake na utepe wa kupimia. Anataka paneli nne, kwa kuanzia: taa, drili na kuchajia betri, mashine ya kuchomelea itabaki kwenye gridi. Aliniuliza kama najua fundi mzuri wa sola. Kwenye jedwali la makadirio ya mwaka huu, nadhani bado anahesabiwa kama mteja mzima.